Ua Jekundu la Mpishi

Jumatatu, 12 Mei

Mutua,

Zamu ya asubuhi kwa Mzee Walter. Nimemwogesha, nimempa dawa, amekunywa uji nusu kikombe. Kisha akavuta sanduku lake, akaendelea kukunja maua ya popi. Karatasi nyekundu, waya wa kijani. Vidole vinatetemeka lakini ua linatoka. Kila Mei wazee waliokuwa jeshini huyatengeneza, na watu huyavaa kifuani kuwakumbuka askari waliofia vitani.

Nilipotoka nikakuta ujumbe wa Mama Wambui, mwenyekiti wa kina mama kanisani. Tarehe 25, mkesha wa Siku ya Kumbukumbu, nitasimama mbele ya kanisa tena, niwavalishe watu maua. Mwaka huu wamechapisha picha yako kubwa, umevaa kombati. Chini wameandika: Shujaa wetu aliyefia vitani.

Hukufia vitani.

Jumatano, 14 Mei

Niandike basi, hata kama ni hapa tu. Ulirudi mzima. Ulikaa nami hapa Gaithersburg miezi minane. Ukitoka kazini lori likakugonga, barabara ya 270, mvua ikinyesha. Siku ya mazishi pasta mgeni akasema umeanguka vitani. Sikuwa na sauti ya kumsahihisha. Wiki ikapita. Mwaka ukapita. Sasa ni wa tatu.

Na katika jeshi lao Wamarekani ulikuwa mpishi. Ulinipigia simu ukicheka: umetia bizari ya pilau kwenye maharagwe yao, na wamepanga foleni mara ya pili.

Jumapili, 18 Mei

Baada ya ibada Mama Wambui alinishika mkono. "Mama Mutua, siku hiyo ukilia usijizuie. Leta leso mbili, moja yangu. Mimi nikianza sinyamazi, wanijua."

Ananipenda. Hilo ndilo linalonifunga. Wakati wa msiba alihamia kwangu wiki mbili, akaosha vyombo, akapokea wageni. Nikisema ukweli nitamwaibisha mbele ya watu. Nisiposema, kila Mei namzika kijana nisiyemjua.

Yule wa kwenye picha hapiki. Wewe ulikuwa unagonga mwiko ukingoni mwa sufuria kabla ya kufunika. Leo nimejaribu kukumbuka ilikuwa mara mbili au tatu. Nimeshindwa. Nimeogopa sana.

Alhamisi, 22 Mei

 Niliomba zamu ya Jumapili ili nipate sababu ya kutokwenda kanisani. Binti yake Mzee Walter amekataa, atakuwa nyumbani. "Nenda kanisani kwako, upumzike," akasema. Na huo mlango umefungwa.

Mzee akaniuliza mwanangu alifanya kazi gani jeshini. Nikasema, mpishi. Miaka mitatu sijalitamka neno hilo mbele ya mtu. Alicheka hadi akakohoa.

"Mpishi! Huyo ndiye tuliyekuwa tunamwombea risasi zimkwepe. Kanali akifa, sawa, wataleta mwingine."

Nikacheka na mimi. Kisha nikamweleza yaliyobaki, lori na kanisa.  Akasema siku hii, kwa haki, ni ya waliofia kule. Si yako. Halafu akakunja ua moja, akaniwekea mkononi. "Lakini anayekunja ni mimi. Nampa nimtakaye."

Jumapili, 25 Mei

Nimesema.

Nilishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Nikasema mwanangu alikufa barabarani, amevaa sweta ya kijani niliyomnunulia. Alikuwa mpishi. Nilijua mmekosea nikawaacha. Nisameheni.

 Baba Njeri, kiti cha tatu, akasema watu wakasikia: "Kwa hiyo miaka yote hii tulikuwa tunamlilia nani?"

  Pasta akaanzisha wimbo. Niliwavalisha maua waliokuja mbele. Wengi walibaki wamekaa. Mama Wambui alikuja wa mwisho, hakunitazama. Nilipomvalisha, pini ikamchoma. Hakulalamika. Afadhali angelalamika.

Nimerudi nyumbani peke yangu. Leso zote mbili bado ziko kwenye mkoba.

Jumatatu, 26 Mei

Siku ya Kumbukumbu yenyewe. Sina zamu. Jirani ametundika bendera barazani. Simu ilikuwa kimya hadi saa sita mchana.

Kisha Mama Wambui: "Ungeniambia mimi tu."

Baada ya muda mrefu, ujumbe mwingine: "Alikuwa anapenda kupika nini?"

Sijamjibu bado. Nimechemsha maharagwe, nimetia bizari ya pilau. Nilipotaka kufunika, mkono wenyewe ukagonga mwiko ukingoni. Mara mbili. Ilikuwa mbili, Mutua.

Ua la Mzee Walter nimelichomeka kwenye aproni yako, nyuma ya mlango wa jikoni. Chakula kikiiva nitamwandikia Mama Wambui aje.

Huko uliko, mwanangu, unikumbuke na mimi.