Mguu wa Nyuma

Barut, Nakuru
4 Machi 2024

Kwa binti yangu Mercyline,

Pokea salamu kutoka kwa baba yako. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unalalamika. Habari ya huko Subukia? Mume wako Dalmas hajambo? Mkwe wangu Mzee Nicodemus, baba yake, je? Uliniomba nipige simu, lakini simu na masikio yangu bado havijapatana, kwa hivyo vumilia mwandiko huu wa kuku.

Huku kuna baraka. Yule nguruwe jike mkubwa alizaa mwezi uliopita, watoto kumi na mmoja. Alibeba mimba miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, hakuchelewa. Niliwakata meno mapema, maana meno yale huchana chuchu za mama, na akiumia anaweza kuwageuka watoto wake akawala. Madume nimewahasi mwenyewe. Walipiga makelele jirani akaja mbio akidhani nauawa.

Lakini mmoja wa wale wa kunenepesha aliacha kula juzi. Masikio yalikuwa mekundu, anahema tu. Ni jua hili. Nguruwe hatoi jasho, na mimi sikuwa nimemmwagia maji. Sikungoja ajifie, nimemchinja. Mguu wa nyuma, mzima, nakutumia na Cheruto anayeleta parachichi huku sokoni. Mpe Mzee Nicodemus mkononi mwake. Mkwe hapelekewi shingo.

Baba yako,
Sitati


Subukia
22 Machi 2024

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Mgongo umepoa? Mimi niko salama kidogo, nitakueleza.

Nyama ilifika na heshima yake. Mzee Nicodemus aliinua ule mguu watu wote wauone, akasema sasa amepata mkwe. Mama mkwe aliuosha, akamwaga yale maji kwenye hori la nguruwe pamoja na maganda ya viazi, kama kawaida yetu. Mifupa pia walipewa.

Sasa Baba, hapa kuna kifo. Nguruwe wanalala hawaamki. Masikio na tumbo vimekuwa rangi ya zambarau, damu inatoka puani. Majike wenye mimba wameharibu. Jumatatu alikufa lile dume kubwa ambalo watu wa bonde lote huleta majike wao kupandwa. Mzee Nicodemus alilia mbele ya watoto wake.

Wanasema ni Maxwel. Ni yule kijana anayezunguka akihasi na kudunga sindano za minyoo. Aliwadunga nguruwe hawa mwanzoni mwa mwezi, kwa hivyo eti aliweka sumu. Jana Dalmas na ndugu zake walimngoja njiani wakamvunja mkono kwa rungu. Nilikuwa natoka kuteka maji. Nilisikia mfupa ukivunjika, na Dalmas akacheka. Baba, hicho kicheko nilikuwa sikijui, na ndicho ninacholala nacho.

Huu ni ugonjwa gani, na dawa yake ni nini? Wako hawajambo?

Binti yako,
Mercyline


Barut
26 Machi 2024

Mwanangu,

Salamu. Mimi ni mzima kwa mwili tu.

Wangu wameisha. Daktari wa mifugo wa kaunti alikuja akapima, akasema ni homa ya nguruwe. Haina dawa wala chanjo. Mtu haimpati hata akila nyama yake, lakini nguruwe mmoja akiipata, boma zima limekwisha. Akaamuru wote wauawe siku hiyo hiyo, hata walio wazima. Nilishika shoka nikatumia upande butu. Wale wakubwa waliniamini, walikuja hadi karibu wakidhani naleta pumba. Nikawapiga katikati ya paji la uso, mmoja baada ya mwingine. Jike alipoona watoto wake wanapigwa alivunja mlango akanirukia, akanirarua paja. Nilimpiga mara nne. Tuliwazika wote kwenye shimo moja na chokaa juu, na damu yao ilinikaukia hadi kwenye kope.

Nikamuuliza daktari ugonjwa huu hutembea vipi. Akasema kwa viatu, kwa makombo ya hoteli, na kwa nyama. Maji tu ya kuoshea nyama yanatosha.

Umenielewa. Ni ule mguu niliotuma.

Sasa nisikilize. Nyamaza. Usimwambie mtu, na barua hii uichome. Maxwel ni kijana, mkono utaunga. Wewe umelala nyumba moja na watu wanaocheka mfupa ukivunjika. Wakijua, watakumaliza. Hili si ombi, Mercyline, ni neno la baba yako.

Baba yako,
Sitati


Subukia
2 Aprili 2024

Kwa Baba,

Nakusalimu. Paja linaendeleaje? Mwandiko huu ni wa mama yake Maxwel. Mimi nasema, yeye anaandika, kwa sababu mkono wangu wa kulia haushiki kalamu. Niko nyumbani kwake.

Nilinyamaza kama ulivyosema. Barua nilichoma. Lakini siku ya Pasaka walienda wakamtoa Maxwel kitandani, wakamfunga kwenye ule mti ambao nguruwe hufungwa wakihasiwa. Walimvua suruali. Dalmas alishika wembe wa Maxwel mwenyewe akasema, "Leo ni zamu yako. Tutakufanya vile wewe hufanya nguruwe zetu." Boma lilijaa watu. Mzee Nicodemus alikaa kwa kiti akatazama.

Baba, Maxwel alikuwa anamwita mama yake.

Nikasema, "Muacheni! Ni ile nyama tulikula. Ilitoka kwa baba yangu, na nguruwe zake zimeisha zote."

Dalmas akaniuliza, "Umejua tangu lini?"

Nikasema, "Tangu wiki jana."

Alinijia na ule wembe. Niliushika. Vidole viwili vilibaki vinaning'inia kwa ngozi, na kliniki wamevitoa. Alinipiga mateke ya mbavu hadi wanawake wakanilalia juu, ndipo akaacha. Wanawake hao ndio waliomfungua Maxwel, wembe haujamgusa. Huyo ni mtu niliyempikia miaka sita.

Wanakuja kwako Jumapili na petroli. Ondoka, Baba. Nenda popote. Na unisamehe kwa kuvunja neno lako, ingawa sijutii.

Binti yako,
Mercyline


Barut
9 Aprili 2024

Mercyline, mwanangu,

Salamu kwako, na salamu kwa huyo mama anayekuandikia. Vidonda vinakauka? Mbavu je? Mimi niko hai.

Barua yako ilinikasirisha kwanza. Niliitupa chini nikasema mtoto huyu hasikii. Halafu nikaiokota nikasoma tena pale pa Maxwel kumwita mama yake, nikashindwa kuendelea.

Sikuondoka. Walikuja baada ya ibada, Dalmas bado amevaa tai ya kanisani. Waliwasha mabanda, na mabanda yalikuwa matupu, kwa hivyo walikosa kitu cha kusikia kikilia. Wakanigeukia. Walinipiga goti kwa rungu hadi mguu ukaangalia upande usio wake. Mzee Nicodemus alikuwa hapo, akaniuliza kama ni kweli nyama ilikuwa yangu. Nikamwambia, "Ni yangu, mkwe. Nilidhani ni jua." Akageuza uso.

Dalmas akaniinamia akasema, "Na nani alimfundisha huyo msichana wako kutuaibisha mbele ya watu? Si ni wewe?"

Ningeweza kusema ndiyo. Watu walikuwa wamejaa, na ingekuwa sifa kwangu. Nikamwambia, "Hapana. Mimi nilimwambia anyamaze."

Akanipiga tena, mdomoni. Hapo hata sikuinua mkono. Mwanangu, goti linauma, lakini jibu lile linaniuma zaidi, kwa sababu lilikuwa kweli.

Usinijibu kwa barua. Alhamisi Cheruto atakupitia alfajiri. Kama Maxwel na mama yake wanaogopa kubaki, waje nao, tutabanana. Nguo zako waachie.

Na ukifika mlangoni, usinisalimu. Najua mtoto ndiye huanza. Siku hiyo nitaanza mimi.

Baba yako,
Sitati