Injini Iliyolala Tangu Pasaka

Zilpa, uko wapi? Huyu fundi Odoyo ananidanganya!

Nimetoka Matongo bila taarifa, nimekuja ziwani kuangalia ile boti ya marehemu mume wangu ya kutembeza wageni. Kila nikimwuliza habari ya sevisi ya injini niliyomwachia, jibu ni lile lile: "Mama, subiri mvua zikatike. Injini imelala tangu Pasaka."

Imelala! Nimeigusa kwa mkono wangu, ni ya moto. Ya moto, Zilpa!

Eti, "Ni jua, mama." Jua gani, na mawingu haya?

Nikachomoa ufunguo, nikaufunga kwenye kitenge. Ndipo akaanza kunisihi: "Mama, nirudishie, kuna wageni nimewaacha kisiwani."

Tunaenda wote kuwachukua. Sijui kuogelea, lakini Bwana yupo, na hao wageni watanieleza amewabeba mara ngapi.