Kisima Nilichokanyaga kwa Gari

Jumatatu, 12 Agosti. Oltepesi.
Oili sawa. Maji ya rejeta sawa. Magurudumu nimekagua yote manne, na spea. Niko na lita sitini za maji ya kunywa, mbao mbili, jeki, koleo na viraka vya pancha. Kutoka Kitengela hadi hapa imechukua saa tatu, msongamano Kiserian.
Dada yangu amepiga simu tena. "Wewe mwanamke, kila siku unabeba mawe na lori. Sasa umepewa likizo, unaenda kuangalia mawe?" Nimecheka. 

Jumanne, 13 Agosti. Kupita Magadi.
Nimejaza dizeli Magadi saa nne. Joto kali, usukani haushikiki. Kisha nikaacha lami, nikapunguza upepo wa magurudumu, nikaingia korongoni. Mchanga mweupe chini, kuta nyeusi pande zote mbili. Kilomita kumi na nne kwa saa mbili. Hakuna mtandao. Sijaona mtu. Nina furaha. Asante Mungu kwa gari na kwa macho.

Jumatano, 14 Agosti. Korongoni.
Nimefanya ujinga.
Saa tatu asubuhi nilikuta rundo la matawi ya miiba katikati ya mchanga. Nilidhani ni takataka za mafuriko. Pembeni mchanga ulikuwa laini, nikaogopa kukwama. Nikapita juu ya rundo. Gurudumu la mbele likazama lote.
Lilikuwa ua wa kuzuia mifugo. Ndani yake kulikuwa na kisima kilichochimbwa mchangani. Kimeporomoka. Gurudumu limetoboka.
Saa nane mama mmoja akaja na punda watatu na mitungi. Anaitwa Mama Naserian. Kisima ni cha kwao. Aliona gari limo ndani yake toka mbali, lakini alinisalimia kwanza. "Takwenya." Nikajibu, "Iko." Ndipo akatazama. Akaanza kushusha mitungi mitupu, mmoja mmoja. Afadhali angenitukana.
"Ng'ombe wetu wanakunywa kesho saa sita," akasema. "Wako mbali kwa malisho. Wakikuja wakose hapa, kisima ingine ni mwendo ya siku. Hawatafika wote."
Nimempa lita arobaini za kwangu. Nyingine zimeisha njiani, nimebaki na nane. Nimechimba hadi giza, gari halikusogea. Aibu.

Alhamisi, 15 Agosti. Hapo hapo.
Mume wa Mama Naserian, Mzee Lekishon, alifika jua likichomoza, koleo begani. Alizunguka gari mara moja. "Yeyo, mama yangu, hii gari yako ilisikia kiu namna hii?" Akacheka peke yake. Mimi nilitaka kulia.
Jeki ilikuwa inazama. Nikaweka mbao chini yake, na mawe bapa chini ya mbao. Mawe nayajua. Saa tatu gari likatoka, nikafunga spea. Kisha tukavua viatu, maana hapa huingii kisimani na viatu, tukaanza kuchimba. Yeye chini, mimi juu, akichoka, tunabadilishana. Ukuta wa kisima ulianguka mara mbili. Nikamwambia tuushikilie kwa mawe. Akakataa. Mafuriko yatayazika, alisema, halafu watoto wake watakuwa wakichimba wanagonga mawe yangu. Tukapanua mdomo wa kisima badala yake.
Saa sita tukasikia kengele. Chini bado tope. Mama Naserian aliwazuia ng'ombe juu ya ukingo kwa fimbo na sauti. Walilia. Kilio hicho kiliingia kifuani mwangu. Mzee hakuinua kichwa. Saa saba na nusu maji yakaanza kujikusanya, kikombe kwa kikombe. Tukawanywesha wanne wanne kwenye hori la udongo lililo kando ya kisima.
Wa mwisho, ndama mwenye doa jeupe, alikunywa saa kumi na moja. Wote thelathini na mmoja. Nilihesabu mara mbili.

Ijumaa, 16 Agosti. Hapo hapo.
Asubuhi maji yamefika kiwiko. Yametulia, unaona mchanga chini. Tumekata miiba mipya, tumejenga ua. Mikono imechanika, sijali.
Mama Naserian alichota, akaonja, akanipa kata. Maji baridi, yana ladha ya mchanga. Kisha akaketi kando yangu, akavua viatu vyake, akatikisa mchanga. Nami nikavua vyangu.