Kwa Dorcelle wetu, aliyejua pale krimu inaposimama

Mwaka mzima umezunguka, Dorcelle, tangu utuache, na masuku, yale matunda ya porini, yamerudi tena njiani. Akina mama wanayapanga kwenye masinia kando ya barabara ya Kasapa, na harufu yake inamfuata kila mpita njia. Watu hununua, hutafuna, hutema kokwa na kucheka. Mama yako Émerance hugeuza uso, kwa sababu yalikuwa yanaiva hivihivi mwezi ule wa kumi na moja wa mwaka 1991, tulipokusindikiza makaburini.

Tukuambie mapema linalotuumiza. Hatuogopi kwamba sisi tutakusahau. Tunamwogopea binti yako Graciella. Ulimwacha akiwa na umri wa miaka mitatu. Miezi ya mwanzo alikimbilia mlangoni kila lango lilipolia, kisha akaacha kukimbia. Siku za Pasaka mama yako alimshushia picha yako ya harusi, akamwuliza ni nani huyo. Mtoto aliitazama kwa adabu.

“Ule tantine iko muzuri,” akasema, kama anayemsifu shangazi wa watu, akarudi kwenye mchezo wake.

Mama yako aliirudisha picha ukutani, akaenda kuketi jikoni peke yake. Tangu siku ile hana haja nyingine duniani ila moja: mtoto huyu amjue aliyemzaa. Na kwa kuwa picha ilishindwa, akaamua kutafuta kile ambacho huenda ulimi wa mtoto haujakipoteza, yaani ladha ya krimu yako.

Mtaa wote wa Kamalondo uliijua krimu hiyo. Wengine mtaani walikuwa na cherehani, wengine baa zao; wewe ulikuwa na meza moja uani, beseni la bati na kipigio cha waya ulichopewa na masista waliokufundisha upishi. Ulioka keki, ulikaanga mikate ya mayai, ulipika tarti za mananasi. Lakini ulipenda kusema kwamba hivyo vyote ni kiti tu, na krimu ndiyo mgeni anayekuja kukikalia. Maziwa uliyafuata kwa wafugaji wa upande wa Kasapa, ukayalaza, ukaengua utandu wake, ukaupigia ndani ya beseni lililokaa katika maji baridi. Baridi ya mwezi wa saba, inayowafanya wengine wajifunike blanketi hadi puani, wewe uliiita msaidizi wako.

Tunakumbuka siku ya kwanza ulipomwekea Papa Anaclet, fundi cherehani, kipande cha keki chenye kilima cheupe juu yake.

“Maman Graciella,” akasema akirudi nyuma kama aliyeona povu la sabuni, “leo unatukulisha savon?”

“Kula kwanza, papa. Kama iko savon, tumbo yako itakuwa propre.”

Alikula, akarudisha sahani, akaiomba tena. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi, na wako haukuwahi kuwa mtupu. Watoto wa mtaa walijua saa ya kupita ili walambe kipigio, nawe uliwagawia mmoja mmoja, ukihakikisha yule mwenye haya hakosi.

Wewe mwenyewe hukuila. Tangu usichana ulikuwa na ugonjwa wa sukari, ukiishi kwa sindano za insulini. Ulionja krimu kwa ncha ya ulimi, ukatema, ukasuuza kinywa. Wateja walipokuuliza mbona huketi kula nao, jibu lako lilikuwa moja: “Miye nakulaka na macho.” Friji yetu ndogo ilitunza vyote viwili kwenye rafu moja, kile kilichowafurahisha watu na kile kilichokuweka hai, kwa sababu vyote viwili vilihitaji baridi.

Na nani atasahau kisa cha keki ya ubatizo? Maziwa hayakufika siku hiyo, ukamtuma mama yako mbio kwa Papa Kataliko, mfanyabiashara wa jumla aliyetoka Butembo, alete krimu ya kopo. Ulimwambia tu, “Mama, lete crème.” Wakati huo mama yako hakujua kusoma hata herufi moja. Alirudi akitokwa jasho, amekumbatia chupa nyeupe iliyofungwa vizuri, amejaa fahari.

“Mama! Hii iko crème ya mwili!”

“Si njo ulisema crème? Crème njo hii!”

“Mama we! Basi leo gâteau yetu haitakauka ngozi!”

Mlicheka mpaka mkakaa chini. Papa Kataliko alipoulizwa kwa nini hakumpa ya kula, alijitetea kwa uso mkavu kabisa: “Miye nilimuona ngozi iko kavu.” Mtaa ulikula kisa hicho kwa wiki nzima, zaidi ya keki yenyewe.

Lakini jioni ile ulimkuta mama yako akiigeuzageuza ile chupa mikononi, akitafuta kwenye maandishi mahali palipomdanganya. Hukucheka tena. Wiki iliyofuata ulimshika mkono, ukampeleka parokiani, kwenye darasa la watu wazima la Mwalimu Laurentine. Aliposita mlangoni ulimwambia, “Ingia, mama. Miye nakungojea hapa inje.” Ukakaa kwenye ngazi mpaka alipotoka, kama mzazi aliyempeleka mwanawe shule kwa mara ya kwanza. Maneno haya unayoandikiwa leo kwa mkono wake yalianzia kwenye ngazi zile.

Kisha ukaja mwezi wa kumi wa mwaka ule wa 1991. Migodi ilikuwa imelala, fedha zilikuwa zimegeuka makaratasi, na mchana mmoja wanajeshi wakavunja maduka, raia wakaingia nyuma yao. Mji mzima uliyaita hayo pillage, yaani uporaji. Watu walipita mbele ya lango letu na viti vya ofisi, magunia ya unga, hata milango iliyong’olewa na bawaba zake. Bohari la Papa Kataliko lilibaki kuta. Maduka ya dawa nayo hayakusazwa. Kijana mmoja alipita amejitwisha sanduku lenye alama ya msalaba, nawe ukamkimbilia barabarani bila viatu.

“Papa, nionyeshe tu. Labda mule muko dawa yangu.”

Alikutazama, akaona haya, akalishusha sanduku na kulifungua. Zilikuwa bandeji. Ulimshukuru, ukarudi ndani.

Tangu hapo insulini uliipima kama mtu anayegawa maji jangwani. Umeme ulipokatika, ulilitoa beseni lako la krimu, ukalijaza maji ya kisima, ukakilaza humo kichupa kilichobaki. Katika siku hizo hizo, mfugaji mmoja alikuletea maziwa kidogo kwa ajili ya mtoto. Ulipika masuku kwa sukari kiasi cha kijiko, ukapiga krimu ukiwa umeegemea ukuta kwa uchovu, ukamweka Graciella mapajani na kumlisha. Kila kijiko ulikipuliza kana kwamba ni cha moto, naye alicheka. Hiyo ndiyo krimu yako ya mwisho.

Mumeo Constantin, ambaye reli haikuwa inamlipa tena, aliamua kwenda kukutafutia dawa ng’ambo ya mpaka. Papa Kataliko alikuwa amebakiwa na lori moja tu. Alimpandisha humo hadi Mokambo, mpakani, akakataa shukrani. Constantin alivuka hadi Zambia, akahangaika hospitali kwa hospitali mpaka akaipata, akaipakia katika chupa ya chai pamoja na barafu. Kurudi kukawa kugumu kuliko kwenda, maana kila kizuizi cha wanajeshi kilitaka kujua ndani ya chupa ile mna nini.

Nawe, kichupa kikiwa kimekwisha, ulikuwa na kiu isiyokatika. Mama yako alikunywesha, akakupepea, akakunywesha tena. Asubuhi ile ya mwisho ulimvuta karibu.

“Mama, Constantin akirudi, musimwambie alichelewa.”

Hatukumwambia. Alipofika kwenye kona ya barabara yetu aliona viti vimepangwa na kuni za kilio zinawaka uani. Alipita katikati ya watu, akaingia ndani, akaifungua friji isiyo na umeme, akaiweka dawa kwenye rafu yake ya siku zote. Hakuna aliyemzuia.

Baada ya ile siku ya picha, mama yako alikishika kipigio chako. Ulipokuwa hai hakuwahi kukigusa; alikaa kando akikuangalia tu. Hata hivyo alizijua dalili zote, kwa kuwa ulizitaja kwa sauti kila ulipofanya kazi: kipigio kikianza kuacha njia nyuma yake, punguza mkono; krimu ikisimama, acha papo hapo, maana ukizidisha inageuka siagi. Mara ya kwanza ikageuka siagi. Mara ya pili vilevile. Alipiga huku analia, akapiga tena, mpaka maji yakajitenga na mafuta. Constantin aliipaka siagi hiyo kwenye mkate, akala.

Safari ya tatu Constantin alisimama mlangoni na kuinamisha macho, kama heshima ya ukwe inavyotaka.

“Mama, unisamehe. Ikisimama, muache.”

“Naona inasimama, mwanangu. Njo sababu naogopa kuacha.”

Constantin aliendelea kusimama pale pale mlangoni mpaka siagi ikatokea tena.

Jumapili iliyopita mvua ilikuwa imepoza uwanja tangu alfajiri. Masuku yalikuwa yamekwisha pikwa. Mama yako alipiga, na Constantin, akiwa amempa mgongo asimwangalie machoni, alikuwa akisikiliza sauti ya waya kwenye bati. Sauti ilipobadilika na kuwa nzito, akasema, “Sasa, mama.” Mama yako akauinua mkono na kipigio chake. Ndani ya beseni krimu ilikuwa imesimama, nyeupe, laini, kama yako.

Alimpakata Graciella mapajani. Akaweka masuku kwenye kikombe, akaweka krimu juu, akakipuliza kijiko cha kwanza. Constantin akageuka. Mtoto alikula, akalamba mdomo wa juu, akafungua kinywa apewe tena.

“Kambo,” akamwita bibi yake, “iko tamu sana.”

“Unaikumbuka?”

Mtoto hakuelewa swali. Alikitazama kikombe, akamtazama bibi yake. “Nani alikufundishaka?”

“Mama yako.”

Graciella akacheka, akidhani anataniwa, akamgusa kidevu kwa kidole chenye krimu. “Mama yangu njo weye.”

Mama yako alimlisha mpaka kikombe kikaisha. Constantin alitoka nje, tukamsikia akipasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Basi tukuambie ukweli, Dorcelle: krimu haikufanya tulilolitumaini. Ilisimama, ilikuwa tamu, na haikukurudisha. Mtoto hana kosa. Miaka mitatu ni mikono midogo mno, haiwezi kumbeba mtu mzima. Kosa halimo hata kwenye ulimi wake. Tulikuwa tumemtwika mzigo ambao ni wetu.

Kwa sababu hiyo tunawaomba wote waliokujua wasikie haya. Misa ya kukuombea itasomwa parokiani Jumapili ijayo asubuhi, na baada yake tutaketi nyumbani, Kamalondo. Kutakuwa na ugali wa bukari na samaki, na masuku kwa atakayeyaweza. Asiyekuwa na kitu asione haya, maana hakuna anayetakiwa kuleta kitu. Aje tu na jambo moja analolikumbuka juu yako, amketie karibu Graciella, amsimulie. Amsimulie hata kama mtoto anacheza. Amsimulie hata kama hasikilizi. Papa Anaclet ameahidi kuanza na lile la sabuni, na Papa Kataliko anasema lile la ngozi kavu hamwachii mtu mwingine.

Wanaokulilia hadi leo ni mama yako Émerance, mumeo Constantin, kaka yako Osée na mdogo wako Annie, pamoja na Mwalimu Laurentine, aliyezipitia herufi hizi bila kubadilisha neno. Na jina la Graciella tunaliandika hapa pamoja na yetu, ingawa yeye bado hawezi. Fungu lake la kukukumbuka tunalibeba sisi, daima, mpaka siku atakapokuwa na mikono ya kutosha, aje atuambie: nipeni mama yangu.