Kidonge Chenye Maziwa

Vratsa, Kwaresima

Kaka Zdravko,

Huku theluji imeyeyuka, kuku wameanza kutaga. Mama yuko hospitali, ila usishtuke. Aliacha ghafla vidonge vyake vya kutuliza mapigo ya moyo, moyo ukaenda mbio mpaka akaanguka jikoni. Alisoma kwenye karatasi ya dawa kwamba vina sukari ya maziwa, na Kwaresima yeye hagusi maziwa.

Daktari kamgombeza: dawa hii haiachwi ghafla. Padri kamruhusu ameze. "Padri gani, mtoto yule," Mama kasema.

Nimechoka, kaka. Jana alimeza huku analia. Kanikataza kukwambia sababu: alifunga ili Mungu akulete nyumbani Pasaka hii, na sasa, anasema, hutakuja.

Dada yako asiyelala,
Penka