Nta Kwenye Kifuniko

Mjukuu wangu Maganga,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Mguu wa bibi yako umepona, na mizinga ya huku Sikonge imejaa asali.

Unauliza kama umshitaki fundi, kwa kuwa injini ya boti yako inazimika ziwani kila akiitengeneza. Ngoja kwanza.

Enzi za Ujamaa kijiji chetu kilipewa boti ya injini ya kuvushia asali mto Ugalla. Ikawa inazimika katikati ya maji. Fundi Ramadhani alikuja mara tatu kwa baiskeli kutoka Tabora. Mikononi mwake ilinguruma vizuri, maana aliijaribu kifuniko cha tangi kikiwa wazi. Akiondoka tu, inazimika. Mkutanoni tukamwita mhujumu, na wa kwanza kunyoosha mkono nilikuwa mimi. Alikusanya spana zake akasema, "Mungu anaona, ndugu zangu."

Wiki ileile nilikitazama kifuniko. Kitundu cha hewa kilikuwa kimezibwa kwa nta, na dole gumba lililoikandamiza ni langu. Niliziba ili harufu ya petroli isiharibu asali, kama tunavyoziba kila chombo huku. Kumbe tangi likikosa hewa, petroli haiendi.

Niliibandua kimyakimya. Injini haikuzimika tena, kijiji kikanishangilia. Tabora nimepita mara nyingi, lakini kwa Ramadhani sijawahi kubisha hodi.

Basi tazama kifuniko kwanza. Na usiniandikie tena "Babu Fundi". Jina hilo la Fundi nilipewa siku ile ya kushangiliwa.

Babu yako