Kipande Kilichogoma Kupinda

Jumatatu, 3 Machi
Jaribio la arobaini na ushei. Chai imepoa tena. Miezi mitatu sasa naifundisha programu ya ofisi kukata zege vipande vidogo kama matofali na kukokotoa kila kimoja kinavyopinda. Leo kipande cha aina mpya niliyoitunga kimepinda sawasawa na hesabu ya mkono. Kile cha zamani, zege likiwa jembamba, hugoma kupinda. Kinatoa jibu dogo mno. Ningefurahi. Lakini paa la gereji ya mteja wetu Hajji, kule Kisenyi, nililikokotoa kwa kile cha zamani. Zege limeshamwagwa. Ijumaa wanatoa miti inayolishikilia.

Jumanne, 4 Machi
Nimelirudia paa lote. Kipande cha zamani: ukingo utashuka milimita tisa. Kipya: thelathini na nane. Nondo za juu hazitoshi. Sijamwambia bosi. Naogopa. Kichwa kimeniuma kutwa.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia. Bosi, Injinia Mugerwa, ndiye aliyetia sahihi michoro ya paa. Akauliza kama si kipande kipya kinachokosea. Swali la haki. Tukakaa na kalamu na karatasi mpaka saa nane mchana. Hesabu ya mkono: thelathini na saba. Akavua miwani, akasema habari hii niipeleke mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Kisenyi. Wauza matairi wameshapanga bidhaa chini ya paa, katikati ya miti. Mama mmoja ameweka hata sigiri ya kupikia futari. Hajji, pamoja na mfungo wake, amefoka mbele ya watu: "Nnyabo, bibi, wewe injinia ama mwanafunzi?" Nikamweleza uamuzi wa ofisi. Nguzo mbili zitaongezwa ukingoni. Zitaziba njia, malori hayataingia tena. Miti haitoki.

Bahati, fundi mkuu, Mkongomani, hakufoka. "Mi nilikuambiaka, injinia. Vidole mbili." Kweli. Kabla ya kumwaga zege alikuwa ameinua mbao za ukingoni vidole viwili, anavyofanya siku zote, ili paa likishuka likae sawa. Nikamwamuru azishushe. Nikamwonyesha ile tisa kwenye simu. Leo nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Ijumaa, 7 Machi
Miti ipo. Nimechoka.

Jumapili, 9 Machi
Nyumbani, Kisugu. Kanisani, kufua, kulala. Jioni nimekifuta kipande cha zamani kwenye programu. Halafu nikalaza vidole vyangu viwili juu ya rula. Milimita thelathini na tatu. Vya Bahati ni vinene kuliko vyangu.